Michoro 18 ya mwendo wa Bibi

Leo nakuletea watu wangu. Wapo 12, wanaishi ndani ya daftari, hawali, hawadai kodi ya nyumba, na wote nimewaokota kati ya Makambako na Njombe. Mimi nachora vibonzo, na nia yangu ni kutengeneza katuni za kwenye runinga, zile zinazotembea na kuongea. Usicheke kwanza!

Ugonjwa huu niliupata kwenye magazeti ya Sani aliyokuwa akiyatunza baba mdogo chini ya kitanda. Humo nilikutana na Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Halafu kwenye banda la video nikawaona Tom and Jerry. Bwana we, wale karibu hawasemi kitu, lakini banda zima lilikuwa hoi kwa kicheko! Tulielewaje? Kumbe ni mwendo. Paka akinyata tu, unajua ana lake jambo. Mwaka 2014 ikaja Ubongo Kids, kazi ya Dar es Salaam, katuni zinaongea Kiswahili chetu. Nikasema, kumbe inawezekana!

Makambako ni shule ya bure. Barabara ya Dar na Mbeya inakutana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapita hapohapo. Basi likisimama tu, kalamu mkononi. Kondakta nimempa umbo la pembetatu, mabega mapana, miguu kama njiti, maana muda wote ananing'inia mlangoni. Mama muuza viazi ni mraba. Akisimama na beseni lake pale dirishani, hasukumwi na mtu. Ukimpaka kibonzo weusi mtupu na watu bado wakamjua ni nani, basi huyo amekubali.

Lakini anayeninyima usingizi ni Bibi. Alikuwa akikaa Njombe, kule ambako Juni na Julai unakumbatia jiko la mkaa kama mchumba. Bibi ni duara: kitenge juu ya sweta, sweta juu ya sweta. Alifariki 2019. Picha tuliyobaki nayo ni moja tu, ya kitambulisho, katoa macho kama anadaiwa. Mwendo wake haupo popote, ila kichwani mwangu.

Sasa sikiliza. Sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde. Sisi wachoraji twaweza kuchora 12, kila mchoro ukatumika mara mbili. Mtu mzima wa afya humaliza hatua mbili kwa michoro 12 hivi. Bibi amekula 18! Goti lake la kulia lilikuwa bovu, hivyo mguu huo unagusa chini na kuondoka haraka, wa kushoto unabaki kubeba mzigo wote.

Baba mdogo alipopata habari, akawaka. "Katuni ni kichekesho. Unataka watu wamcheke mama yangu?"

Swali la haki kabisa, maana Lodi Lofa tulimcheka sote. Nikampa shikamoo nyingine, nikamwomba atazame tu. Nikabonyeza simu. Bibi akatembea, akarudia, akarudia. Baba mdogo hakusema neno mpaka kioo cha simu kikazimika chenyewe. Kisha akauliza taratibu, "Lile sweta lake la bluu liko wapi?"

Basi ndiyo kazi niliyo nayo wiki hii, kupaka bluu mchoro mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyenilipa hata shilingi.

Wewe nawe, msomaji, mzee wako akitoka leo kwenda dukani, hebu mtazame anavyotembea. Picha za kusimama unazo tele kwenye simu. Mwendo wake je, unao?