Namba Yangu Imo Kwenye Simu Yako

Ukiongea na wapenzi kuhusu siri za kwenye simu, mawazo yao yanakimbilia sehemu moja tu: nani anachati na nani usiku. Mbona simu inalazwa kifudifudi? Mbona namba ya siri imebadilishwa? Sikatai, hayo yana uzito wake. Lakini, mpenzi msomaji, wakati wewe na mwenzio mnawindana kwa meseji, kuna kampuni ambayo hata ofisi yake hamuijui, na yenyewe imeshabeba namba zote zilizomo kwenye simu zenu. Haikuiba. Iliomba ruhusa, mkabonyeza.

Nazungumzia programu za mikopo ya haraka. Unaipakua, inakuuliza kama inaweza kusoma majina uliyohifadhi, meseji, picha na mahali ulipo. Una shida ya hela, nani atasoma masharti? Unaruhusu kila kitu. Ndani ya muda mfupi majina yale yote yananakiliwa kwenye kompyuta za kampuni. Hata ukiifuta programu kesho yake, nakala inabaki kwao.

Jambo hili lilitukuta nyumbani kwetu Ihanda, wilayani Mbozi, mwanzoni mwa 2024. Binamu yangu ni mwalimu kule. Mchumba wake anafanya biashara Tunduma, mpakani. Kikao cha mahari kilikuwa kimeshapangwa. Binti wa watu akapungukiwa hela ya nguo ya send-off, mshahara bado, akakopa shilingi 150,000 kwenye simu. Siku ya kulipa ikapita kidogo tu.

Mimi nilikuwa kazini Dar es Salaam. Ikaingia meseji kutoka namba ngeni: binamu yangu ni tapeli, nimwambie alipe leo hii. Kumbe tulikuwa wengi. Mwalimu mkuu aliipata. Mchungaji aliipata. Fundi cherehani aliipata. Na yule aliyeandikwa kwenye simu "Mama Mkwe" aliipata pia.

Mama yule hakupiga kelele. Alimpigia mwanawe na kuuliza swali moja tu: "Baba, huyu anadaiwa na wangapi?" Kikao kikasogezwa mbele. Deni lililipwa wiki ileile, ila meseji ikishasomwa huwezi kuirudisha. Mchumba mtu aliniambia kilichomuuma si ile hela. Namba ya mama yake alimpa mchumba wake kwa heshima, leo iko mikononi mwa watu asiowajua.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Kukopa si dhambi, na anayekopa amekubali masharti yake. Mimi nilikubali nini? Mchungaji alisaini wapi? Tunasema "simu yangu, maisha yangu", lakini majina yaliyomo ndani si mali yako peke yako. Ni amana za watu.

Tena sheria ipo upande wetu. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda maisha binafsi ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na Tume inayoisimamia ilizinduliwa Aprili 2024. Sheria hiyo inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali na linalojulikana, zisitumike kwa mambo mengine. Inakupa pia haki ya kudai zisahihishwe au zifutwe, na kudai fidia ukiumizwa.

Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Majirani zetu Kenya walishagusa mifuko: Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia namba za watu wengine kutuma meseji na kupiga simu za vitisho. Ni mchezo uleule uliochezwa Ihanda.

Google nayo, kuanzia 31 Mei 2023, ilizikataza programu za mikopo zilizo kwenye duka lake kuchukua majina na picha za wateja. Lakini ile unayotumiwa kwa linki ya WhatsApp haipiti kwenye duka hilo. Hapo ni wewe na bahati yako.

Sasa mfanye nini nyie wawili?

Kwanza, kabla ya kukopa, hakikisheni mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Pili, fungueni mipangilio ya simu, nendeni kwenye programu, kisha ruhusa, muone ni nani anasoma majina yenu. Programu ya tochi inataka namba za ndugu zako za nini? Ondoeni. Tatu, msihifadhi watu kwa vyeo kama "Bosi" au "Mama Mkwe". Mnamwonyesha mdai pa kukuumizia. Nne, vitisho vikija, msifute kwa aibu. Hifadhini meseji na namba iliyotuma, mpeleke malalamiko kwenye Tume, na kama maisha yanatishiwa, polisi.

La mwisho ni la mapenzi zaidi kuliko la simu. Ukipungukiwa, mwambie mwenzio kwanza. Ni afadhali aijue shida yako kutoka kinywani mwako kuliko aisome kwenye meseji ya mtu baki. Na jioni moja wiki hii, badala ya kukaguana meseji, kaeni pamoja mkague ruhusa.