Haikubunjika, Ilifunguka

Kiti cha zamani kikianza kuyumba, kwetu Lubumbashi hupata hukumu moja kati ya mbili: kupigiliwa misumari au kupasuliwa kuni. Hukumu zote mbili zinatoka katika dhana moja, kwamba kiti kimevunjika. Lakini ukikigeuza juu chini na kuvuta miguu yake taratibu, mara nyingi utakuta mbao ni nzima. Kilichochoka ni gundi. Mguu umetoka katika tundu lake, basi. Msumari ndio utakaokivunja kweli, maana utapasua mbao pale pale ilipokuwa bado na nguvu.

Nimejifunza hayo katika barza ya nyumba yetu, komini ya Katuba, kati ya Mei na Septemba mwaka huu. Katika barza hiyo hiyo nimejifunza pia jambo linalohusu mjadala wetu wa kila mwaka hapa kitivoni, ule wa kujua Kiswahili cha Lubumbashi ni Kiswahili gani, na ndiyo sababu naliandika hapa.

Baba Mukubwa, kaka wa baba yangu, ni seremala. Alizaliwa upande wa Bukama akakua na Kiluba, akasoma ufundi Likasi kwa Kifaransa, kisha akafanya kazi Lubumbashi zaidi ya miaka 40 kwa Kiswahili cha hapa. Mwezi wa Januari alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, na maneno yakaondoka. Hakuwa bubu. Alielewa karibu kila tulichosema, alicheka mahali pa kucheka, alikasirika tukimfanya mtoto. Lakini majina ya vitu hayakuja. Alisema «ile… ile kintu…», akapiga paja kwa mkono wa kushoto, akanyamaza. Sisi wanafunzi wa isimu tunalijua jina la ugonjwa huo, afasia, na tunajua kwamba mwaka 1861 Paul Broca aliuhusisha na sehemu ya mbele ya ubongo. Kulijua jina hakukunisaidia chochote mbele ya mzee anayelia kwa sababu ameshindwa kuomba kijiko.

Mwishoni mwa Aprili familia ilikaa. Katika nyumba kulikuwa na vitu vyake vya zamani: viti sita vya mulombwa, meza moja, armware moja ambayo mlango wake ulikuwa umeanguka, pamoja na sanduku la vyombo vya kazi. Mtu wa sokoni alikuwa ametoa bei kwa vyote pamoja. Mama Mukubwa alisema wazi: «Bile bitu bilishakufa, na dawa iko inaomba makuta.» Hakuna aliyeweza kumbishia, dawa za presha hazingoji. Baba Mukubwa alikuwa amekaa pale pale akisikia vyombo vyake vikiuzwa, na hakuwa na neno la kujibu. Niliomba familia inipe muda wa kiangazi tu. Nilisema viti vikitengenezwa vizuri vitapata bei kubwa kuliko hiyo, na kwamba mwenye kuvitengeneza yuko, ila anahitaji mikono ya mtu mwingine. Walikubali, wengine kwa shingo upande.

Kazi ya kwanza haikuwa kiti, ilikuwa mahali. Barza yetu ina upana wa mita mbili na urefu wa mita tatu na kidogo, na ilikuwa ghala la magunia ya makala, baiskeli na ndoo. Tuliyatoa yote. Tulipanga matofali chini ili mbao zisiguse udongo, kwa sababu ya mchwa. Benchi tulilitengeneza kwa mlango wa zamani, tukaliweka kimo cha nyonga, tukalipigilia kipande cha mbao pembeni cha kuzuia kazi isikimbie, kwa kuwa fundi sasa ana mkono mmoja wenye nguvu. Kila kitu kilihamia kushoto. Visi, misumari na bawaba tulizigawa katika makopo ya maziwa ya unga, na juu ya kila kopo tukafunga mfano wa kilichomo kwa waya, ili asihitaji kusoma wala kuuliza.

Ukutani tuliweka ubao mkubwa. Kila chombo kilipata msumari wake, na kwa kipande cha makala nikachora umbo la chombo hicho nyuma yake. Mafundi wengi hufanya hivyo: chombo kikikosekana, umbo lake tupu linakwambia. Kwetu maumbo yale yalifanya kazi ya pili. Baba Mukubwa aliweza kuonyesha kivuli cha kitu alichokitaka hata kama kitu chenyewe kilikuwa mikononi mwangu, ndani, au kwa jirani. Kwa mara ya kwanza tangu Januari aliweza kuagiza.

Tukaanza na viti. Mulombwa ni mti ambao Watanzania huuita mninga na Wazambia mukwa. Ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Mbao yake haijikunji sana mvua na kiangazi vinapobadilishana, na ndiyo maana viti vile vilikuwa bado vinafaa kuokolewa. Vumbi lake huwasha pua na kifua, kwa hiyo tulifanya kazi nje, tumefunga vitambaa. Gundi ya zamani, ile iliyopikwa kwa ngozi na mifupa, hulainika kwa maji ya moto. Tuliimwagia kidogo kidogo kwenye maungio, tukangoja, tukavuta. Kila kipande kilipewa namba kwa kalamu ya risasi. Tulikwangua gundi yote hadi mbao ikaonekana, maana gundi mpya haishiki juu ya gundi iliyokufa. Kisha gundi nyeupe, na badala ya vibanio vya dukani tulizungusha mpira wa ndani wa gurudumu uliokatwa vipande virefu, tukaukaza. Siku moja nzima bila kukigusa. Baada ya hapo msasa, mkali kwanza, laini baadaye, siku zote kwa kufuata nyuzi za mti. Mwisho mafuta ya kitani. Vitambaa vya mafuta hayo Baba Mukubwa hakuniruhusu kuvikunja: aliviondoa mkononi mwangu na kuvitandaza juu ya kamba, kimoja kimoja, kwa sababu vikirundikwa hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto. Alinifundisha hilo bila neno hata moja.

Neno la kwanza lilikuja mwezi wa Juni. Nilikuwa nimeshika patasi na yeye alitaka kitu kingine. Alikwenda mwenyewe kwenye ubao, akakichukua kwa mkono wa kushoto, akakisukuma juu ya mbao iliyofungwa kwenye benchi. Upepeo wa mbao ulipojikunja na kutoka, alisema: «Rabo.» Akanitazama kama mtu aliyekutana na rafiki sokoni. «Rabo», akarudia.

Baada ya hapo nilifungua daftari. Kwa mpangilio, maneno yaliyorudi mwanzo ni haya: rabo, kole, musumeno, nyundo, visi, metre, sharnyere. Karibu yote yalikuja chombo kikiwa mkononi mwake, kikifanya kazi. Nikimwonyesha picha ya nyundo kwenye simu, hakuna. Nikimpa nyundo, jina linakuja, wakati mwingine baada ya pigo la tatu.

Msomaji wa kitivo chetu ameshaona tatizo. Katika orodha hiyo ya maneno saba, manne ni ya asili ya Kifaransa na la tano, metre, pia. Je, kilichorudi ni Kifaransa cha shule ya Likasi? Nilijiuliza hivyo hadi siku alipotazama ubaoni na kusema: «Marabo iko mbili.» Kifaransa hakina marabo. Kiambishi ma- hakijifunzwi katika shule ya ufundi. Ni cha Kiswahili, na neno linalokipokea limekwisha kuwa la Kiswahili, haidhuru liliingia kwa mlango gani. Randa, neno ambalo tunaambiwa ndilo safi, lilipita Uajemi na India kabla ya kufika pwani. Meza ni ya Wareno. Msasa, kwa upande wake, ni jina la mti ambao majani yake makavu yalisugulia mbao kabla ya karatasi kuja. Lugha ya mafundi siku zote imechukua jina pamoja na chombo.

Mwezi wa Julai dada yake alikuja kutoka Bukama. Alimsemesha Kiluba siku tatu. Baba Mukubwa alielewa yote na alifurahi sana, lakini alijibu kwa Kiswahili, Kiswahili cha barza. Théodule Ribot aliandika mwaka 1881 kwamba kumbukumbu za zamani zaidi ndizo zinazodumu. Kwa kanuni hiyo Kiluba cha utotoni kingetangulia. Albert Pitres, daktari Mfaransa, mwaka 1895 alishughulikia wagonjwa wenye lugha nyingi na akaona kwamba kwa kawaida lugha inayorudi kwanza ni ile mgonjwa aliyoizoea zaidi. Mgonjwa mmoja si utafiti, na barza si maabara. Mimi nilikuwa nikimzungumzia Kiswahili kila siku, na hilo pekee linaweza kueleza mengi. Lakini katika nyumba yetu mambo yalikwenda kama Pitres alivyoona.

Nalileta hapa kwa sababu ya sentensi ambayo wengi wetu tumeisikia katika semina: kwamba Kiswahili cha Lubumbashi ni Kiswahili kilichovunjika. Maana yake ni kwamba kilikuwapo kizima mahali fulani, kikaanguka njiani kuja huku, na sisi tunazungumza vipande. Mtu akiamini hivyo hawezi kueleza kwa nini mzee aliyepoteza karibu maneno yote apewe kwanza vipande hivyo, tena vikiwa na sarufi yake: ngeli, wingi, mpangilio. Kinachorudi kwanza kwa mtu si nakala mbovu ya lugha ya wengine.

Na wazo kwamba msamiati wa kazi unabeba maisha ya watu si langu. Mwaka 1965 watu waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani mjini hapa walitoa historia ya mji kwa Kiswahili cha mji, imeandikwa na André Yav, nao wakaiita *Vocabulaire de ville de Elisabethville*. Johannes Fabian aliichapisha pamoja na uchambuzi mwaka 1990. Tunaisoma kama hati ya historia. Ningependa tuichukulie jina lake kwa uzito: wenyewe waliona kwamba kusimulia mji ni kutoa msamiati wake.

Sijasema kwamba tuache Kiswahili sanifu. Makala hii imeandikwa kwa sanifu, na bila sanifu mwenzangu wa Dodoma au Mombasa hataisoma. Ninachosema ni kwamba fundi wa Katuba si mtu wa kusahihishwa kwanza kabla ya kusikilizwa. Mafundi wa umri wake wanapungua, na wengi hawana kamusi wala mwanafunzi. Idara yetu ina watu wanaotafuta mada za tasnifu kila Oktoba.

Sentensi yake ndefu ya kwanza ilikuja Agosti. Jirani alileta kiti chake, akakiweka chini kwa aibu na kusema kimevunjika, atupe tu gharama ya kuni. Baba Mukubwa alikigeuza juu chini, akavuta mguu, akaonyesha ulimi wa mbao uliotoka mzima kabisa. Alitafuta maneno kwa muda mrefu. Jirani alitaka kumsaidia, nikamzuia kwa mkono. Ndipo akasema: «Haikubunjika. Ilifunguka.» Kwa b, kama tunavyosema hapa. Jirani alidhani anaongea habari ya kiti, na ni kweli alikuwa anaongea habari ya kiti.

Viti vinne kati ya sita vimeuzwa, kwa mtu mwingine na kwa bei ambayo Mama Mukubwa ameihesabu mara mbili. Dawa zimenunuliwa hadi mwisho wa mwaka. Meza haiuzwi, yeye mwenyewe ndiye aliyekataa. Mvua zinakaribia, kwa hiyo tumeinua mbao juu zaidi na kuning'iniza turubai upande wa magharibi. Imebaki armware. Mlango wake unahitaji bawaba mpya, na kuna kiungo kimoja cha pembeni ambacho sijawahi kukiona, kama mkia wa ndege umeingia ndani ya mwingine. Anajua kukifungua. Jina lake halijarudi bado, na ukurasa wake daftarini nimeuacha wazi.