Msimu wa Oktoba 2023 haujaniacha bado

Kila Desemba ubishi huwa ule ule: msimu gani wa anime ulikuwa mkali zaidi? Kuna wasee wa Aprili 2013, wakati Attack on Titan inaanza. Kuna wale wa Oktoba 2022, mwaka wa Chainsaw Man na Bocchi the Rock!. Mimi jibu langu ni moja na sioni likibadilika: Oktoba hadi Desemba 2023. Na si kwa sababu ya mapigano, ingawa mapigano yalikuwa noma. Ni kwa sababu ule msimu ulinikuta nikiwa nimetoka chuo miezi michache tu, na karibu kila anime kubwa iliyotoka ilikuwa inauliza swali ambalo nilikuwa nakwepa nyumbani: mtu asiye na karatasi ni nani?

Onyo: kuna spoila nyingi hapa chini. Kama bado hujacheki Frieren, JJK ya pili na The Apothecary Diaries, enda kwanza, utanipata hapa hapa.

Kwa wageni, Wajapani hugawa mwaka wa anime mara nne: Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Anime nyingi hupata episodi 12 au 13, moja kwa wiki, kisha zinapisha zingine. Oktoba 2023 ilikuja na mzigo. Frieren ilianza Septemba 29 kwa episodi nne mfululizo, saa mbili nzima, usiku mmoja. Jujutsu Kaisen ilikuwa katikati ya Shibuya. Maomao alifika baadaye Oktoba. Spy x Family ikarudi. Pluto ikashuka Netflix. Na Novemba, Attack on Titan ikafunga hesabu baada ya miaka kumi.

Huku kwetu pia ilikuwa msimu wa aina yake. Mvua za El Niño zilikuwa zinapiga mabati hadi hausikii mtu anaongea nini kwa simu. Stima ikapotea nchi nzima Novemba 11, ikapotea tena Desemba 10. Mimi nilikuwa na simu moja, power bank ya kuazima, na bando ya kuhesabu. Lakini kitu kimoja kilinifurahisha: Frieren ilikuwa inaonyeshwa Japani Ijumaa saa tano usiku, na kwa saa za Nairobi hiyo ni saa kumi na moja jioni. Wenzangu wa darasa walikuwa wanatoka lecture ya mwisho ya wiki. Mimi nilikuwa nangoja Frieren.

Wacha niseme mapema nilivyotoka, ndio tusiulizane kwa comments. Nilikuwa mwaka wa pili, nasomea takwimu. Balance ya fees ilikuwa imezidi uwezo wa nyumbani, na ukiwa na balance jina lako haliingii kwa orodha ya mtihani. Ni hivyo tu. Sikufukuzwa, sikufeli, sikuamka siku moja nikasema nataka kufuata ndoto. Nilikuwa tayari nahariri video za anime kwa simu, zikaanza kuleta pesa kidogo ya kula, nikaendelea nazo.

Sasa, ya kwanza iliyonigonga ni Maomao. Huyu dem amelelewa mtaa wa madanguro na baba mlezi ambaye ni daktari. Anatekwa, anauzwa ikulu kama mtumishi wa kufua nguo. Anajua kusoma na kuandika, anajua dawa na sumu kuliko daktari wa ndani ya ile ikulu, lakini ananyamaza. Kwa nini? Kwa sababu mtumishi anayejua kusoma hulipwa zaidi, na sehemu ya mshahara wake inaenda kwa waliomteka. Fikiria hapo kidogo. Elimu yake ingemnufaisha mwizi wake, basi anaificha.

Halafu watoto wa mfalme wanaanza kuugua. Kila mtu anasema ni laana. Maomao anaangalia mara moja, anajua ni poda nyeupe ya uso ambayo mama zao wanajipaka, ina risasi ndani. Hana cheo cha kuongea, kwa hivyo anaandika onyo kwenye kipande cha kitambaa na kukifunga kwa tawi la maua, bila jina. Mama mmoja anasikiza na mtoto wake anapona. Mwingine hasikizi, wa kwake anakufa.

Nilipause. Huku mtaani tunajua hii hadithi bila ikulu. Tunajua cream za kung'arisha ngozi zenye zebaki, tunajua auntie ambaye anaambiwa aache na anakasirika kwa sababu anayemwambia ni msichana wa saluni na si daktari. Mara nyingi watu hawapimi maneno, wanapima mdomo uliyoyatoa. Mwaka ule nilikuwa nasema kitu mezani na najibiwa, "Wewe ulimaliza chuo?" Mambo niliyoyajua Aprili yalikuwa bado kichwani Oktoba. Kilichobadilika ni ID ya shule tu.

Ya pili ni Shibuya. Wengi wetu tulienda pale kwa sababu ya Gojo na Sukuna, tukatoka tukilia Nanami. Nanami ni msee wa JJK ambaye aliwahi kuajiriwa ofisini kabisa. Aliacha uchawi akaenda kutengenezea matajiri pesa, akachoka, akarudi. Anavaa suti, anahesabu saa zake za kazi. Na dakika zake za mwisho, nusu ya mwili imeungua, anawaza Kuantan, Malaysia. Ufuo wa bahari. Nyumba, vitabu ambavyo alinunua na hakuwahi kusoma. Alikuwa amepanga kupumzika baadaye.

Kitu kiliniuma zaidi ni kwamba wakati huo huo, baadhi ya wachoraji wa ile ile anime walikuwa wanaandika wazi mitandaoni kuhusu muda mfupi na kazi nyingi kupita kiasi. Yaani mtu anachora Nanami akifa kwa uchovu, yeye mwenyewe hajalala. Sisi tunaotengeneza video za dakika moja juu ya kazi yao, tukiweka muziki na kusema "hii animation ni moto," tunapaswa kujua moto huo unawashwa na nini. Tangu hapo nikipost kipande cha pigano, natafuta jina la aliyekichora na naliweka. Ni kitu kidogo, haimpatii mtu usingizi, lakini jina la mtu ni jina la mtu.

Pia hapo nikatoa ile picha ya "ajira itaniokoa" na nikatoa vilevile picha ya "kujiajiri kutaniokoa." Nanami alijaribu pande zote mbili.

Sasa Frieren. Hii ndiyo sababu naandika.

Frieren ni elfu, ameishi zaidi ya miaka elfu moja. Anasafiri miaka kumi na Himmel, Heiter na Eisen, wanamuua Mfalme wa Mapepo, wanarudi, wanaangalia vimondo ambavyo hupita mara moja kila miaka 50. Anawaambia watakutana vimondo vikirudi, kisha anaenda zake kutafuta uchawi. Kwake 50 ni kama wiki mbili za likizo. Anaporudi, Himmel ni mzee mwenye kipara. Wanaangalia vimondo tena, Himmel anakufa. Na pale kaburini Frieren analia kwa sababu anagundua alikaa na huyu mtu miaka kumi na hakujaribu kumjua.

Mathe yangu wakati huo alikuwa amefikisha 50. Hiyo namba ndiyo iliyonifanya nimpigie simu ile jioni, kabla hata sijamaliza episodi ya nne.

Nikamuuliza, "Mum, ukiwa umri wangu ulitaka kuwa nani?"

Akanyamaza, kisha, "Kwani nani amekutuma?"

"Hakuna. Nauliza tu."

"Nesi," akasema. "Nilipata hata barua ya college. Pesa haikupatikana. Umekula?"

Miaka yote hiyo nilikuwa najua mama anauza nguo sokoni kana kwamba alizaliwa na ile mitumba mkononi. Sikujua kuna barua. Na nikaelewa kwa nini Jumapili akiulizwa kanisani anasema "bado anasoma." Nilidhani anaona aibu juu yangu. Kumbe ile sentensi alikuwa amewahi kuitamani mwenyewe. Hatukuongea sana siku hiyo, bando ya dakika iliisha, lakini tangu hapo namuuliza kitu kimoja kila nikipiga. Najua sasa jina la shule yake ya upili, rafiki yake wa dawati, na wimbo uliokuwa ukichezwa kwa matatu ya kwanza aliyopanda kuja Nairobi.

Frieren iliendelea hadi Machi 22, 2024, episodi 28. Na ile nusu ya pili ndiyo wengi mnaruka kwenye mjadala, eti ni mtihani tu. Hapana, sikizeni. Ili wapite kwenda nyanda za kaskazini, sheria inataka kundi liwe na mchawi wa daraja la kwanza. Frieren, aliyeua Mfalme wa Mapepo, hana cheti kinachotambulika. Ana nembo ya kale ambayo kijana wa ofisini hajawahi kuiona. Mwenyewe anasema hizi ofisi za kusimamia uchawi hubadilika kila mara hadi aliacha kuzifuatilia. Fern, mwanafunzi wake, msichana yatima wa vita, ndiye mwenye cheti cha daraja la tatu.

Wanafanya mtihani wote wawili. Frieren anafeli. Serie, mkubwa wa wachawi wote, anamuuliza uchawi anaoupenda zaidi ni upi. Frieren anataja ule wa kuotesha shamba la maua. Serie anamkataa pale pale. Na Frieren habishani. Alikuwa ameshajua hatapita. Anachosema ni kwamba Fern atapita. Na Fern anapita, njia inafunguka kwa wote watatu, pamoja na Stark ambaye hata si mchawi.

Hapa ndipo nataka tuongee kwa utaratibu. Kila wiki napata ujumbe kutoka kwa watoto wa Form Four na wa first year: "Bro, niache chuo nifanye content kama wewe?" Wanangoja niseme karatasi ni upuzi. Kuna pesa ya kusema hivyo, video za "niliacha shule nikafaulu" hupata views sana. Lakini Frieren haisemi karatasi ni upuzi, na mimi pia sisemi. Inasema mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, karatasi haipimi mtu: aliyefeli ule mtihani ndiye aliyemfundisha aliyepita. La pili, mlango bado unataka karatasi, na mlango hauna haya. Kama hakuna mmoja wenu aliye nayo, mnalala nje wote.

Kwa hivyo jibu langu ni hili. Kama fees ipo na darasa halikuui, kaa. Hariri video usiku. Kama fees haipo kama yangu haikuwepo, wewe si mjinga na hujaisha. Ulichojifunza hakirudishwi na ID. Na kama kuna Fern nyumbani kwenu, mbebe.

Wangu yupo. Dadangu mdogo aliingia kusomea uuguzi, ndio, kile kile, na hakuna aliyemlazimisha. Sehemu ya fees yake inatoka kwa hizi video mnazotazama. Kuna mwezi inatosha, kuna mwezi naomba advance kwa mtu. Akiwa na mtihani ananitumia notes nimuulize maswali, na pale kwenye biostatistics namfunza mimi, mtu asiye na cheti cha takwimu. Mathe husikiza kwa loudspeaker na haelewi chochote, anasema tu, "Rudia hapo, hajaelewa."

Kwa hivyo mkiniuliza tena kwa nini 2023 na si 2013, ni hiyo. Misimu mingine imekuwa na sakuga kali zaidi na nyimbo tamu zaidi. Huu uliniachia maswali ya kumuuliza mama na kazi ya kufanya. Frieren nimeirudia mara tatu na bado napata kitu.

Haya, zamu yenu. Msimu gani ulikukuta wakati mgumu, na anime gani ilikaa na wewe? Andika hapo chini. Na kabla uandike, pigia mzazi wako simu umuulize alitaka kuwa nani. Akikuuliza nani amekutuma, sema ni mimi.