Bendera Iliyopinduka

Msomaji, kitambaa hubaki kitambaa mpaka ujue maana yake. Mimi niliijua maana ya bendera yetu kwa kosa langu mwenyewe.

Miaka michache baada ya uhuru nilikuwa mwanafunzi huko Gatitu, karibu na mji wa Nyeri. Jumatatu moja zamu ya kupandisha bendera ilikuwa yangu. Ukungu ulitanda na vidole vyangu vilikufa ganzi kwa baridi, nami nikaifunga kamba kwa haraka. Bendera ilipofika juu ya mlingoti ikakunjuka: kijani juu, nyeusi chini.

Wenzangu walicheka. Bibi kizee mmoja, aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni mgongoni, hakucheka. Aliniita kwenye ua, akaniuliza:

“Mjukuu wangu, rangi nyeusi ni nini?”

“Ni watu wa Kenya, nyanya.”

“Na nyekundu?”

“Ni damu iliyomwagika katika kupigania uhuru.”

“Na kijani?”

“Ni ardhi yetu.”

“Basi umewafukia watu. Umeweka damu juu yao, na udongo juu ya damu. Mume wangu alichukuliwa wakati wa Hali ya Hatari, na kaburi lake silijui mpaka leo. Mwinue.”

Niliishusha bendera, nikaigeuza, nikaipandisha tena machozi yakinilengalenga. Yeye alingoja mpaka ilipofika juu, kisha akashika njia yake.

Hali ya Hatari ilidumu tangu 1952 hata 1960. Dedan Kimathi, mzaliwa wa Nyeri, alinyongwa gerezani Kamiti tarehe 18 Februari 1957, wala jamaa zake hawakuonyeshwa kaburi lake. Wengi wasio na jina kubwa walipotea vivyo hivyo. Tarehe 12 Desemba 1963 bendera ya Kenya huru ilipandishwa Nairobi. Na Kisoi Munyao akaipandisha juu ya Mlima Kenya, mlima uleule tuuonao Gatitu ukungu unapoondoka.

Msomaji, zamu yako itakapofika, itazame bendera kabla ya kuifunga. Ianze chini: ardhi, kisha damu, kisha watu. Kati ya rangi hizo iko mistari myeupe ya amani na umoja. Na katikati iko ngao na mikuki miwili ya kuulinda uhuru. Kuifunga sawasawa ni kazi ya dakika moja. Lakini huenda njiani akawa anapita mtu ambaye hana kaburi jingine la kulitazama.