Jina Moja Si Ukoo Mmoja: Safari Yetu ya Frere Town na Rabai

Ukitoka kisiwani Mombasa na kuvuka daraja la Nyali, punde utafika mahali paitwapo Kengeleni. Jina hilo latokana na kengele ya Frere Town, kijiji ambacho wamisionari wa Church Missionary Society walikianzisha miaka ya 1874 na 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Wenyeji husimulia kwamba kengele ilipigwa kuwaonya watu kila wateka watumwa walipokaribia. Kijiji kiliitwa kwa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyetumwa Unguja mwaka 1873 kumhimiza Sultani Barghash akomeshe biashara hiyo.

Sisi akina mama wa kanisa tulikwenda huko tukiwa na neno zito moyoni. Binti wa mwenzetu alikuwa amechumbiwa. Mahari ikikaribia kupokelewa, mzee mmoja wa ukoo alisimama akapinga. Alisema babu mkuu wa msichana na babu mkuu wa kijana walikuwa na jina moja la ubatizo, na wote wawili walikuwa watu wa Frere Town. "Hawa ni ndugu," akasema. Binti alilia, na mama mtu hakula wala hakulala.

Ni kweli mzee alikuwa na haki ya kuuliza. Nasi tulio wauguzi twajua kwamba maradhi kama selimundu hurithiwa, kwa hiyo habari za damu si za kupuuzwa. Lakini je, jina peke yake latosha kuwa ushahidi?

Tukumbuke watu wa Frere Town walikuwa akina nani. Walikuwamo Wayao, Wamakua na watu wa pande za Ziwa Nyasa, wengi wao wakiwa wametekwa wangali watoto. Wengine walilelewa kwanza India, huko Nashik, ndipo wakaletwa Mombasa. Walipobatizwa walipewa majina ya Biblia au ya Kizungu. Watu wengi wasio na undugu waliweza kuitwa jina moja!

Basi tukaanza kazi. Kwanza tuliwaketisha bibi wa pande zote mbili, kila mmoja peke yake, tukaandika waliyosema. Kisha tukafungua masanduku ya nguo, tukapata cheti cha ndoa na cheti cha ubatizo vilivyoanza kuliwa na mchwa. Mwisho tulimwomba kasisi atufungulie vitabu vya zamani.

Kwa kuwa ukoo wa kijana ulihamia Rabai, tulipanda matatu hadi huko, mahali ambapo Krapf na Rebmann walianza misheni mwaka 1846. Huko Rabai karatasi ina historia yake. Mwanzoni mwa mwaka 1889, watu zaidi ya 1,000 waliotoroka utumwa walipewa hati za uhuru, baada ya mabwana zao kulipwa fidia. Kwao, karatasi ile ilikuwa kinga dhidi ya kurudishwa kwenye minyororo.

Vyeti na vitabu vilipowekwa pamoja, jambo likawa wazi. Babu mmoja alibatizwa akiwa mtoto mchanga, na majina ya wazazi wake yameandikwa. Mwingine alibatizwa akiwa mtu mzima, Myao, miaka mingi kabla. Wake zao ni mbalimbali. Mzee alivaa miwani akasoma mwenyewe, kisha akasema mahari ipokelewe.

Mama mwenzangu, hadithi za wazee tusizidharau, maana ndizo zinazotuonyesha pa kuanzia. Ila tusiishie hapo. Jina lilingane na mwaka, na mahali, na majina ya wazazi, tena katika maandishi zaidi ya mamoja. Hata katika kitabu cha Ezra, sura ya pili, wapo waliorudi kutoka uhamishoni wakadai ukuhani, lakini majina yao hayakuonekana katika orodha ya nasaba, wakazuiwa.

Kwa hiyo tunza vyeti vya kuzaliwa, vya ubatizo, vya ndoa na kadi za kliniki za watoto. Vitie katika mfuko usiopenya maji, mbali na mchwa. Nyuma ya kila picha andika majina na mwaka. Na bibi angali hai, keti naye wiki hii, ukiwa na kalamu mkononi.