Kujitetea na Kujihami

"Kaka, wakija polisi sema shemejiyo alijitetea." Hayo ndiyo maneno aliyoninong'oneza dada yangu kabla hakujapambazuka.

Ulikuwa msimu wa maharage, nami nilikuwa mgeni wao kijijini, wilayani Kasulu, nikitokea Kibondo ninakofundisha. Usiku wa manane tulisikia ghala likivunjwa. Shemeji akatoka na mpini wa jembe, nami nikamfuata na tochi. Kijana aliyekuwa ghalani aliinua panga. Shemeji akampiga mkononi, panga likadondoka, kijana naye akaanguka. Mpaka hapo sikuwa na neno. Lakini mpini uliinuka tena, ukashuka. Ukainuka mara ya tatu. Tochi ilikuwa mkononi mwangu.

Kijana hakufa, alhamdulillahi, ila mkono wake haukurudia hali yake. (Kabla hatujammulika usoni, jirani alikwishasema huyo ni mkimbizi wa Nyarugusu. Alikuwa mtoto wa kijiji cha pili.)

Katika Kiswahili chetu cha kila siku, kujitetea ni mfuko usiojaa. Mwanafunzi aliyechelewa hujitetea, mshitakiwa hujitetea kizimbani, na mume aliyempiga mkewe hujitetea kwamba alitukanwa. Nimeketi katika vikao vya usuluhishi ambamo wazee walilipokea hilo la mwisho kwa kutikisa vichwa, kana kwamba tusi ni panga. Kujihami ni neno jembamba zaidi: ni kuzuia dhara linalokujia. Dhara likikoma, kujihami nako kumekwisha.

Sheria yetu imelishika neno hilo jembamba. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18A, humpa kila mtu haki ya kujihami, kumhami mwenziwe na kulinda mali yake. Kifungu cha 18B huitaka nguvu itumikayo iwe ya kadiri inayohitajika. Anayezidisha huwajibika, na akiua kwa kuzidisha huko, huwa na hatia ya kuua bila kukusudia, ambayo adhabu yake yaweza kufikia kifungo cha maisha. Wanazuoni wa fiqhi nao, wakimzungumzia mshambulizi, hutaka lianze lililo jepesi: neno, ukelele wa kuomba msaada, mkono, fimbo, ndipo silaha. Akikimbia au akishindwa nguvu, ruhusa ya kumpiga imeondoka.

Simhukumu shemeji kwa wepesi. Sisi wa nyanda hizi tumelelewa na hofu. Kwa miaka mingi mabasi ya kati ya Kibondo na Kasulu yalisindikizwa na askari wenye bunduki kwa sababu ya majambazi. Aliyekulia katika njia hiyo hahesabu mapigo gizani. Mimi niliyahesabu kwa kuwa sikuwa na mpini.

Nilieleza nilichokiona: pigo la kwanza, panga likiwa juu, la pili na la tatu, panga likiwa chini. Shemeji alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, wala hakunikanusha.

Dada hajanipigia simu tangu siku ile. Juma lililopita kondakta wa basi litokalo Kasulu alinikabidhi gunia la maharage lenye jina langu, kwa mwandiko wa dada. Nililifungua, nikatafuta barua mpaka chini. Haikuwamo.