Nani Aliyekunja Mwavuli?



Mwezi uliopita tulikwenda Nairobi kumzuru dada yetu, fundi wa kushona mabuibui huko Kawangware. Baada ya swala ya alasiri, bintiye, anayefundisha watoto wa chekechea Makina, Kibera, alituamkia, akakaa, akasema: "Mjomba, nataka kuruka kutoka ndegeni kwa mwavuli. Nimeweka akiba. Baba ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo naomba radhi zako na za mama."

Huko Kibera ndege za Uwanja wa Wilson hupita juu ya mabati mchana kutwa, nazo ndizo zilizomtia hamu. Mahali alipokusudia ni karibu nasi: Diani, Kwale, ng'ambo ya Likoni, ambako wageni hurukia juu ya bahari ile ile tuliyoizoea.

Tulimjibu papo hapo kwamba kujitia katika maangamizi ni haramu. Binti akainamisha kichwa, asiseme neno. Usiku usingizi ulitukimbia, kwani tulijua tumetoa hukumu juu ya jambo tusilolijua. Tukamkumbuka Abbas ibn Firnas wa Andalusia, mwanachuoni wa karne ya 9, ambaye yasimuliwa alijitengenezea mbawa akaruka, akaumia mgongo kwa kutofikiria namna ya kutua. Kosa lake halikuwa hamu. Lilikuwa upungufu wa maandalizi.

Asubuhi tukamwita binti atueleze. Anayeanza, alisema, haruki peke yake. Hufungwa kwa mikanda mbele ya mkufunzi, wakapanda hadi futi 10,000 hivi. Huanguka kwa kasi ya takriban kilomita 200 kwa saa kwa muda wa nusu dakika, kisha mkufunzi hufungua mwavuli, wakashuka taratibu kwa dakika chache. Kazi ya mgeni ni kufuata maagizo, na kuinua miguu wanapotua.

Dada yetu, aliyekuwa kimya kwenye cherehani, akauliza: "Na mshono ukifumuka?"

Binti akajibu kwamba mfuko una miavuli miwili. Ule wa akiba hukunjwa na fundi mwenye cheti, tena kuna chombo kinachoufungua chenyewe endapo wamekaribia ardhi nao bado wanaanguka kwa kasi.

"Basi huyo aliyeukunja ni nani? Nitamwuliza mwenyewe."

Hapo tuliona kwamba dada amelielewa somo la kumfunga ngamia kabla ya kutawakali kuliko sisi tunaolisomesha.

Likabaki swali letu: je, mkufunzi ni mwanamume au mwanamke? Binti kufungwa mwili kwa mwili na mwanamume asiye maharimu wake, kwa ajili ya burudani tu, hatukuweza kulihalalisha. Tulimweleza kwa upole, na safari hii tukiwa tumesikiliza kwanza. Hakukasirika. Alisema atatafuta mkufunzi wa kike, na asipompata atangoja.

Wazazi wenzetu, mtoto akija na ombi geni, tuulize kabla ya kukataa. Katazo lililotanguliwa na maswali huwa jepesi kupokelewa.

Bado hajaruka. Juzi dada alitupigia simu: jibu la swali lake limeshapatikana, wanangoja la swali letu.

Wallahu a'lam.